Mlo wa Nane

Yamumbi, Eldoret
4 Mei 2025

Mpendwa Mami,

Natumaini barua hii itakufikia kabla baridi ya Kaptagat haijakumaliza. Nimempa Okeyo wa gari la mkate, maana yeye ndiye anayeingia geti la shule yenu bila kuulizwa maswali. Ameahidi kuiacha kwa askari ikiwa haina mafuta.

Nyumba imekuwa kimya tangu mfungue shule. Bado napika ugali wa watu wawili, na asubuhi kuku wanafurahi. Umeacha soksi moja ya kijani nyuma ya kochi. Nimeifua. Iko kwenye kamba peke yake, kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi.

Mami, kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa kwa sababu ungenicheka, na afadhali unicheke nikiwa mbali. Nimeomba nafasi ya kusomea sheria. Ndiyo, mimi. Nina miaka arobaini na mitano, na kumi na tisa kati ya hiyo nimeketi kibandani mkabala na mahakama nikichapa viapo vya watu: aliyepoteza kitambulisho, aliyebadilisha jina, aliyeuza ng'ombe akakana kwamba ameuza. Nimetuma maombi mawili. Moja kwa chuo kikubwa cha Nairobi, kile ambako baba yako aliitwa akiwa kijana na, kama alivyosimulia, hakwenda kwa sababu babu yako Mabonga alikuwa mgonjwa. La pili kwa chuo kidogo cha hapa Eldoret, ambacho kina ufadhili kwa familia za makarani wa mahakama waliofariki, kama baba yako.

Alama zangu za kidato cha nne, nilizozipata ukubwani, unazijua. Ulikuwepo siku baba yako alipozisoma kwa sauti ya hakimu: wastani C+, Kiswahili B, Kiingereza C, Hesabu tusiitaje. Alikunja ile karatasi akasema, "Sasa huna kisingizio, Mwihaki." Agosti ya mwaka ule akatuacha, na kisingizio nikakipata. Imenichukua miaka karibu miwili kukiweka chini.

Nipimie kwa haki. Kuna matumaini? Nilikupa jina la mama yangu, Waiyego, na tangu uzaliwe sijakuita vingine ila Mami. Basi nijibu kama mama. Usinionee huruma kama mtoto.

Binti yako,
Mwihaki


Shuleni, Kaptagat
13 Mei 2025

Binti yangu Mwihaki,

Sikucheka. Sawa, nilicheka, lakini kwa furaha, mpaka Marion wa kitanda cha juu akadhani nimeletewa chapati.

Tumekaa kikao. Marion ana dada anayesomea sheria, kwa hivyo yeye alikuwa mwenyekiti na mimi karani. Haya ndiyo matokeo. Sharti la kwanza ni wastani wa C+. Unao, ingawa umepita mlangoni ukigusa fremu. Sharti la pili ni B katika Kiingereza au Kiswahili. Marion alitaka kukukata kwa ile C ya Kiingereza, nikamwambia asome tena, hapo pameandikwa "au". Alisoma tena. Baba angefurahi.

Nairobi tumekupa nafasi tatu kati ya kumi, kwa sababu huko wanaomba watu wa A tupu. Mimi nilitaka nne. Nilisema kuna mahali pa kujieleza kwenye fomu, na wewe ukijieleza hata anayekudai huondoka bila pesa. Eldoret tumekupa nane. Marion anasema pia siku ya kwanza ukiingia darasani wanafunzi watasimama wakidhani ni mhadhiri.

Wanariadha bado wanapita nje ya ua asubuhi tukienda kunawa. Kuna mmoja hukimbia akiwa ameshika kofia mkononi, haivai hata siku moja. Sijui kwa nini nakuambia hili. Baba angeuliza kuhusu kofia.

Jihadhari unachoandika. Barua zote muhula huu zinasomwa na Madam Jeruto, mlezi wetu wa bweni, zinazoingia na zinazotoka, kisha anapiga muhuri. Kwa hivyo: hujambo, Madam.

Mama yako,
Waiyego

(Imesomwa. Sijambo. — J.)


Yamumbi
8 Juni 2025

Mpendwa Mami,

Wote wawili wamekubali.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama nikaenda kumwagilia sukumawiki ambayo ilikuwa imeshamwagiliwa.

Chuo cha hapa kimeandika kwanza. Watalipa karo yote miaka minne, mradi nisishuke chini ya kiwango chao. Madarasa ni alasiri, kwa hivyo asubuhi naweza kufungua kibanda. Nitie sahihi fomu yao kabla ya tarehe kumi na nane Julai. Siku nne baadaye ikaja ya Nairobi. Karatasi yao ni nzito, Mami. Ina nembo unayoweza kuigusa kwa kidole ukiwa umefumba macho. Wananipa nafasi, hakuna zaidi. Nikienda, kibanda kitauzwa na nyumba hii itapangishwa, na wewe likizo zako utakuwa kwa shangazi yako Namalwa kule Bungoma.

Nimemwonyesha Wakili Mungai zote mbili. Unamkumbuka, yule hutia muhuri viapo ninavyochapa na hukopa kalamu zangu asirudishe. Alizisoma akiwa amesimama. "Mama Waiyego," akasema, "ukitaka watu wakusalimie, nenda Nairobi. Ukitaka kusoma, soma mahali karo imelipwa. Mimi miaka ishirini na sita sijasikia hakimu akimuuliza wakili alisoma wapi." Nikamuuliza yeye alisoma wapi. Akasema Nairobi, na akacheka, na akaondoka na kalamu.

Kwa hivyo hesabu ya kichwa iko wazi. Lakini nimeitoa ile barua ya baba yako ya kuitwa chuoni, iliyo kwenye bahasha ya kahawia, nikaiweka mezani kando ya yangu. Nembo ni ile ile. Tofauti ni kwamba yake imefifia na yangu inanuka wino. Nimezitazama muda mrefu. Geti letu bado limefungwa kwa ule utepe wake wa faili, ule wa waridi. Alikuwa akifunga kila kitu nao: vitunguu, nyaya za redio, hata nywele zako mara moja nilipokuwa nimechelewa kazini. Kila nikiufungua nasema moyoni, huyu alistahili chuo kile.

Wewe waonaje?

Binti yako,
Mwihaki


Shuleni, Kaptagat
15 Juni 2025

Mama,

Nenda Nairobi.

Nimefikiri siku nzima na sioni kwa nini unauliza. Ni chuo kikubwa kuliko vyote. Umekubaliwa ukiwa na C ya Kiingereza na nafasi tatu kati ya kumi. Marion ameomba radhi rasmi.

Usinifikirie mimi. Kwa Shangazi Namalwa ni sawa kabisa. Kuna miwa, kuna watoto wengi, na yeye hupenda nikimsomea gazeti. Nyumba ni kuta tu. Hata sasa siikumbuki sana, nina kazi nyingi, tuna mitihani ya Kemia.

Kama Baba hangeweza kwenda, basi wewe nenda.

Mama yako,
Waiyego

(Imesomwa. — J.)


Yamumbi
22 Juni 2025

Mami,

Hii ni fupi, Okeyo ananipigia honi.

Nimeshatia sahihi ya ufadhili wa hapa Eldoret. Limekwisha, na moyo wangu umetulia. Nairobi ilikuwa ndoto tu ya siku mbili. Usiniandikie tena juu yake.

Njoo likizo fupi ukiwa na njaa. Nimenunua mahindi na maharagwe ya githeri.

Mwihaki


Shuleni, Kaptagat
2 Julai 2025

Mama,

Asante kwa githeri, na kwa soksi. Sasa nikuulize jambo ambalo nilishindwa kukuuliza uso kwa uso kwa sababu ulikuwa unaimba jikoni, na tangu Baba afariki sijakusikia ukiimba jikoni.

Jumamosi uliponituma nibadilishe kitambaa cha meza, nilikuta chini yake fomu mbili. Ya ufadhili haina sahihi. Ya Nairobi nayo haina sahihi. Wewe uliniandikia tarehe ishirini na mbili kwamba umeshatia na limekwisha. Mama, ulinidanganya kwa maandishi.

Nakumbuka nilipokuwa darasa la sita nikikungoja pale kibandani. Alikuja yule mzee wa ng'ombe, akataka umchapie kwamba hajawahi kumwona mnunuzi. Ulitoa mikono kwenye kompyuta ukamwambia, "Mzee, mimi sichapi kiapo ambacho mwenyewe hukiamini. Rudi ukikumbuka vizuri." Alirudi keshoye akiwa amekumbuka. Kwa hivyo sitaki barua tena. Kwa barua unanificha. Niandikie hati ya kiapo, yenye namba, yenye "kwamba", na Wakili Mungai aitie muhuri. Nataka kujua unataka nini hasa, na kwa nini hujatia sahihi popote.

Na kwa kuwa kesi ina pande mbili, naanza mimi.

La kwanza. Nilidanganya kuhusu nyumba. Ninaikumbuka. Ufunguo wangu wa nyumba naweka ndani ya soksi, ndiyo maana niliacha ile ya kijani, inabana, nikavaa iliyo na nafasi. Darasani nikikanyaga vibaya unanichoma kisigino na nafurahi. Kwa Shangazi ni pazuri lakini si kwetu. Nilikuambia uende kwa sababu niliona unataka kwenda, na sikutaka kuwa sababu ya wewe kubaki.

La pili ni zito, na niliahidi kutolisema.

Siku Baba aliponileta hapa kidato cha kwanza, wewe ukiwa kazini, nililia nikakataa kuingia bwenini. Unajua utani wake, kwamba kwao Bukusu mwanamume haketi karibu na mama mkwe, na mimi nina jina la mama mkwe wake, kwa hivyo nikija mezani anasimama na sahani yake na kuzunguka upande wa pili. Siku hiyo hakutania. Aliketi na mimi juu ya sanduku langu nyuma ya ukumbi wa kulia chakula, tukibanana. Akasema:

"Mama mkwe, nikuambie siri? Mimi Nairobi nilikwenda. Watu wanadhani sikwenda. Nilikwenda na sanduku kama hili. Babu yako hakuwa mgonjwa, aliugua baadaye. Hakuna aliyenifukuza na hakuna nilichokosa. Niliona tu kila mtu ana mtu wa kuketi naye, na mimi sina. Nikabeba sanduku nikarudi."

Nikamuuliza kama wewe unajua. Akasema, "Hapana. Mama yako ananiona mtu aliyenyimwa. Usimwambie. Napenda anavyonitazama."

Kisha akasema nijaribu kukaa hadi Ijumaa tu, na Ijumaa nikitaka kurudi atakuja kunichukua. Ijumaa alikuja kweli, Mama. Alitoroka kazini. Alisimama nje ya ua akiwa na tai ya kazi, na mimi nikaenda nikamwambia arudi nyumbani, mimi nabaki. Alinipa peremende mbili kupitia kwenye waya.

Nisamehe, Baba. Lakini Mama, kama unakwenda Nairobi kumalizia safari aliyonyimwa, hakunyimwa. Hilo lisikulazimishe. Kama unakwenda kwa sababu yako mwenyewe, nenda, na nitahamisha ufunguo niutie kwenye begi.

Waiyego

(Nimeisoma mara mbili. Mama Waiyego, tafadhali mjibu. Andika jina langu juu ya bahasha na nitampa bila kuifungua. — Jeruto)


JAMHURI YA NYUMBA YETU, YAMUMBI
HATI YA KIAPO

Mimi, MWIHAKI KITUYI, mkazi wa Yamumbi, Eldoret, naapa na kusema hivi:

1. KWAMBA mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu, mjane wa marehemu Kituyi, karani wa masjala, na mama mzazi wa Waiyego ambaye kwa jina ni mama yangu, na ndiye aliyeniamuru kuapa. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu hati ya Kiingereza ingekuwa ya C.

2. KWAMBA tarehe 22 Juni niliandika nimetia sahihi, na ulikuwa uongo. Ni uongo wa kwanza kuupeleka kwa karatasi maishani mwangu. Niliusema ili usiendelee kujitoa sadaka kwa barua za kishujaa. Shujaa hawezi kutaja mitihani ya Kemia kama sababu ya kusahau kwao.

3. KWAMBA nilijua.

4. KWAMBA mwaka 2009, nikiwa na mimba yako, nilisafisha lile sanduku la bati la baba yako nipate pa kuweka nguo zako. Chini ya karatasi iliyotandikwa ndani nilipata kadi ya chakula ya ukumbi wa chuo kile cha Nairobi, yenye jina lake na visanduku vya mwezi mzima. Kila mlo ulitobolewa tundu. Matundu yalikuwa saba: chakula cha jioni cha Jumatatu, kisha Jumanne yote na Jumatano yote. Baada ya hapo visanduku ni vitupu hadi mwisho wa mwezi.

5. KWAMBA niliketi sakafuni na ile kadi nikafikiria kijana wa miaka ishirini akila mara saba bila kusemeshwa na mtu. Kisha nikairudisha chini ya karatasi, nikatandika nguo zako juu yake.

6. KWAMBA sikumwambia kamwe. Kila alipowahadithia wageni jinsi babu yako alivyougua, nilimwongezea chai. Alidhani napenda hadithi ile. Nilikuwa nampenda yeye. Alitaka nimwone hivyo, na sikuona ubaya wa kumpa.

7. KWAMBA kwa hiyo Mami hujavunja siri. Umenirudishia nusu ambayo sikuwa nayo. Sikujua kuhusu ile Ijumaa. Sikujua alisimama nje ya ua na tai. Niliinama juu ya barua yako pale kibandani mpaka mteja akauliza kama printa imeharibika.

8. KWAMBA unauliza ninataka nini hasa. Sitaki jina la chuo, wala karatasi nzito, ingawa ni nzuri. Nimetaka kuingia ukumbi ule, kuketi pale alipokosa mtu wa kuketi naye, na kula mlo wa nane.

9. KWAMBA Eldoret nayo niliiogopa. Hapa nitasomea meza ile ile aliponifundishia insha, akiwa upande wa pili na kalamu nyekundu, na sasa kiti kile kina begi la unga. Nilidhani Nairobi ningemkuta, na hapa ningekuta kiti. Kwa hivyo nilifunika fomu zote mbili kwa kitambaa nikaimba jikoni.

10. KWAMBA miaka minne, kibanda, nyumba na likizo zako zote ni vingi mno kwa ajili ya mlo mmoja. Baba yako alirudi kwa sababu alikuwa na mahali pa kurudi. Sitapangisha mahali hapo.

11. KWAMBA leo nimetia sahihi fomu ya ufadhili. Nakala imeambatanishwa na kuwekewa alama "MK 1". Ukiitilia shaka, ishike kwenye mwanga.

12. KWAMBA tarehe 12 Agosti, ukiwa likizoni, mimi na wewe tutapanda basi hadi Nairobi kuwarudishia barua yao kwa mkono na kwa heshima, na tutakula chakula cha mchana pale.

13. KWAMBA ufunguo ubaki kwenye soksi.

14. KWAMBA yote niliyosema hapo juu ni kweli kwa kadiri ya ninavyojua na kuamini.

Nimeapa hapa Eldoret, leo tarehe 11 Julai 2025.

Mwihaki Kituyi

Mbele yangu: Mungai, Wakili.

(Mami, Mungai aliuliza hati hii inapelekwa mahakama gani. Nikamwambia, kwa mama yangu. Aliisoma yote, ambayo hana haki ya kuisoma, akapiga muhuri mara mbili kwa makosa, akakataa malipo. Amerudisha kalamu tatu.)


Yamumbi
3 Septemba 2025

Mpendwa Mami,

Nimeanza. Marion alisema kweli: nilipoingia, wanafunzi wa safu mbili za mbele walisimama. Niliwaambia waketi, wakaketi, kisha nikaketi katikati yao. Msichana mmoja, Diana, akaniuliza, "Kwani wewe si mwalimu?" Nikasema mimi ni mwanafunzi, ila nimechelewa kidogo. Sasa ananihifadhia kiti. Ana miaka kumi na tisa na hajui kutumia nukta.

Begi la unga nimelihamisha. Nasomea upande wake wa meza, nikitazama ule wangu.

Nimekuwa nikifikiria siku ile ya Nairobi. Wewe ulitazama zaidi miti na maghorofa, mimi nilitazama viti tu. Yule mama wa kugawa chakula alivyoishika kadi ya baba yako, niliyokuwa nimeibeba ndani ya Biblia, akasema, "Mama, hii ni ya enzi gani? Hapa siku hizi tunalipia kwa simu," na akaniwekea maharagwe mara mbili. Na yule kijana mwembamba aliyekuja na sahani akasimama, "Mama, hapa kuna mtu?" Ulimjibu haraka kabla yangu, "Hakuna, kaa." Akakaa, akala, akatueleza habari za mwenzake wa chumba anayekoroma, akaenda zake. Hakujua alichofanya. Niliweka kijiko chini. Ulidhani ni pilipili.

Sasa nikiri jambo. Ulipokwenda kuchukua maji, nilitoa kadi kwenye Biblia nikaitoboa kwa pini ya nywele. Miwani ilikuwa begini na machoni kulikuwa na maji, sikuona visanduku, nilipapasa tu penye nafasi nikasukuma. Sikukuambia kwa sababu lilionekana jambo la mtoto.

Sijaitoa ndani ya Biblia tangu siku ile. Leo nakutumia ndani ya barua hii. Ikae kwako muhula huu. Ukiwa mahali huna mtu wa kuketi naye, iangalie.

Binti yako,
Mwihaki


Shuleni, Kaptagat
10 Septemba 2025

Mama,

Kadi imefika salama. Madam Jeruto aliniita ofisini akanipa bahasha mkononi, haijafunguliwa wala haina muhuri wake. Aliniuliza tu kama ulikula vizuri Nairobi. Nikasema ndiyo, maharagwe mara mbili.

Kisha nilienda nyuma ya ukumbi wa kulia, pale tulipoketi na Baba juu ya sanduku, nikaihesabu.

Mama, kuna matundu tisa.

Wewe ulipokwenda kunawa mikono kabla ya kula, mimi niliitoa kwenye Biblia yako nikatoboa la nane kwa pini ya sketi yangu. Niliirudisha haraka kwenye zaburi nyingine, nikaogopa utagundua. Liko Alhamisi, asubuhi, mahali pake kabisa. Lako limeangukia Jumapili ya wiki ya pili, ni kubwa na limepinda.

Nimefurahi halifuatani. Kadi inaonekana kama ya mtu aliyebaki hadi wiki ya pili.

Mlinzi alinikuta hapo akaniuliza naketi na nani. Nikamwambia na baba yangu, akadhani namtania, akaenda zake.

Nitakurudishia kadi likizo ya Novemba. Nitakuja na ufunguo. Usinipikie ugali wa mtu mmoja, na kadi usiifunge kwa utepe, bado ina nafasi nyingi.

Mama yako,
Waiyego